Edmond Becquerel: Aliyeuweka Mwanga wa Jua Katika Mizani

Mjini Paris uko mnara mrefu wa chuma ambao wasomaji wengi wameuona katika picha. Huo ni mnara wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889. Kuzunguka roshani yake ya kwanza yameandikwa majina 72 ya wanachuoni na mafundi wakubwa wa Ufaransa, na mojawapo ni Becquerel. Kadhalika, mtu akenda katika maabara yoyote inayopima miale ya uraniamu na vitu vya jinsi yake, atalikuta jina hilo hilo, kwani tangu mwaka 1975 kipimo cha kazi hiyo duniani kote kinaitwa bekereli.

Msomaji asidhani kwamba huyo ni mtu mmoja. Jina la mnarani ni la babu, Antoine César Becquerel. Jina la kipimo ni la mjukuu, Henri Becquerel. Baina yao alikuwako mtu wa kati, mwana wa huyu na baba wa yule, ambaye hakuandikwa mnarani wala hakupewa kipimo. Yeye ni Edmond Becquerel, na ndiye tunayemkusudia leo. Kila mwenye kipande cha sola juu ya paa lake, awe Lamu, Malindi, Kwale au Pemba, anakula matunda ya jambo ambalo Edmond ndiye wa kwanza kuliona, mwaka 1839, naye akiwa kijana wa miaka 19.

NYUMBA YA ILIMU

Sisi watu wa pwani tunazijua nyumba za ilimu. Babu alisomesha, mwana akasomesha, na mjukuu naye akaja kuketi pale pale alipoketi babu yake. Nyumba ya kina Becquerel ilikuwa ya namna hiyo, ila ilimu yao ilikuwa ya umeme na mwanga.

Mzee Antoine César alizaliwa mwaka 1788. Katika ujana wake alikuwa afisa mhandisi katika jeshi la Napoleon, akapigana vita vya Hispania. Mwaka 1815 aliacha jeshi akajitia katika uchunguzi wa umeme, hususan ule unaozaliwa pale madini yanapokutana na tindikali na maji ya chumvi. Sifa zake zilivuka bahari, na mwaka 1837 chama cha wanasayansi wa London, Royal Society, kilimtunukia nishani yake kubwa ya Copley. Mwaka uliofuata alipewa kiti cha ualimu wa fizikia katika Makumbusho ya Taifa ya Viumbe na Maumbile mjini Paris. Kiti hicho hakikutoka nyumbani mwao mpaka mwaka 1948. Alikikalia baba, akakikalia mwana, akakikalia mjukuu, kisha kitukuu. Vizazi vinne, miaka 110.

Edmond alizaliwa mjini Paris tarehe 24 Machi 1820. Alipofika umri wa miaka 18 alikubaliwa katika vyuo viwili ambavyo kila kijana wa Ufaransa mwenye akili alivitamani, École Polytechnique na École Normale Supérieure. Aliyepita katika milango hiyo alikuwa amejihakikishia cheo na heshima. Edmond alivikataa vyote viwili. Alichagua kuwa msaidizi wa baba yake, kusafisha vyombo, kuchanganya dawa na kuandika hesabu za majaribio.

Huenda wako waliomwona kuwa ameichezea bahati yake. Lakini fundi wa majahazi hajifunzi kazi yake kwa kusoma jina la shoka. Hujifunza kwa kukaa na mzee wake ufukweni mpaka mkono uzoee. Edmond alijifunza kwa baba yake jambo ambalo pengine asingalilipata upesi chuoni, nalo ni kukaa na kitu kidogo, kukipima, kukipima tena, na kutosema neno mpaka mizani iseme.

MWAKA WA 1839

Mwaka 1839 mji wa Paris haukuwa na mazungumzo makubwa kuliko picha za Louis Daguerre. Bwana huyo alikuwa amepata njia ya kunasa sura ya kitu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha na kufukizwa iodini. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ya Ufaransa iliitangaza njia hiyo hadharani. Watu walistaajabu jinsi mwanga unavyoweza kuandika wenyewe, bila ya mkono wa mchoraji.

Edmond naye alistaajabu, lakini swali lake lilikuwa jingine. Katika maabara ya baba yake alikuwa ameona mara nyingi kwamba pale vitu vinapobadilika kwa nguvu za kikemia, umeme nao huzaliwa. Sasa ikiwa mwanga unaweza kuibadili chumvi ya fedha juu ya bamba, je, mabadiliko hayo nayo hayatazaa umeme?

Alichukua vibamba viwili vya platini, akavipaka chumvi za fedha. Akavitumbukiza katika maji yenye tindikali ndani ya kisanduku kilichotiwa weusi, kimoja kikipigwa na jua na cha pili kikiwa gizani. Kutoka katika kila kibamba alivuta waya, na nyaya hizo akaziunga na chombo chenye sindano nyepesi ambayo hucheza mkondo wa umeme unapopita, hata uwe mdogo namna gani. Kisha akaufungulia mwanga wa jua njia.

Sindano ikacheza. Akaufunika mwanga, sindano ikarejea. Akaufungua tena, ikacheza tena.

Mtu mwenye pupa angetoka mbio kutangaza. Lakini palikuwa na shaka moja iliyopaswa kuondolewa kwanza. Jua halileti mwanga peke yake, huleta na joto, na tangu mwaka 1821 ilijulikana kwamba joto nalo huweza kuzaa umeme mahali madini mawili yanapoungana. Huenda basi sindano ilisukumwa na joto tu. Edmond alijaribu kwa mwanga wa rangi mbalimbali. Lau ingekuwa ni joto, miale ya upande wa rangi nyekundu, ambako joto la jua ni jingi, ndiyo ingeisukuma sindano zaidi. Mambo yalikuwa kinyume. Miale ya upande wa buluu na zambarau ndiyo iliyokuwa na athari kubwa. Hapo ikabainika kwamba mwenye kazi ni mwanga wenyewe. Taarifa yake ilifikishwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mwaka huo huo.

Mkondo wenyewe ulikuwa hafifu mno. Haukufaa kuendesha kitu chochote. Na hapa ndipo tunapoiona tabia ya mtu huyu. Hakuutupa kwa udogo wake, wala hakujidai kwamba ataiangazia Ufaransa nzima kwa jua. Alijiuliza kitu hiki kidogo kinafaa kwa kazi gani, akaona kinafaa kuwa mizani. Maana ikiwa mwanga ukizidi mkondo huzidi, na mwanga ukipungua mkondo hupungua, basi sindano ile inaweza kutueleza nguvu ya mwanga. Akatengeneza chombo cha kupimia mwanga kwa njia hiyo. Hivyo babu wa sola zetu zote alianza maisha yake kama kibaba cha kupimia jua.

MAISHA YA MPIMAJI

Kutoka hapo Edmond hakuliacha jambo la mwanga mpaka kufa kwake. Mwaka 1840 aligundua kwamba picha ya Daguerre iliyopigwa kwa muda mfupi inaweza kukamilishwa kwa kuanikwa chini ya mwanga mwekundu au wa manjano, badala ya kufukizwa kwa mvuke wa zebaki ambao ni sumu. Mwaka 1842 alipiga picha ya mwanga wa jua uliotawanywa katika rangi zake, na bamba lake likaonyesha hata mistari ya ile miale ambayo jicho la mwanadamu haliioni.

Mwaka 1848 alipata jambo la ajabu zaidi. Juu ya bamba la fedha lililotayarishwa kwa namna yake alinasa rangi za upinde wa mvua, nyekundu ikatoka nyekundu na kijani ikatoka kijani. Zilikuwa picha za rangi, miaka mingi kabla ya dunia kuzizoea. Lakini alishindwa na kitu kimoja. Hakupata dawa ya kuzifanya rangi zile zidumu. Mwanga ule ule uliozichora ndio uliozifuta. Ikabidi picha zihifadhiwe gizani, zitazamwe kidogo tu kwa mwanga hafifu, kisha zirejeshwe kizani. Ilikuwa kama mtu aliyepewa hazina kwa sharti la kutoionyesha. Siri ya rangi hizo ilikaa zaidi ya miaka 170, mpaka mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walipoeleza kwamba zinatokana na chembe ndogo mno za fedha zilizomo katika bamba.

Kisha aliingia katika mawe na chumvi zinazong'aa gizani baada ya kupigwa na jua. Baadhi ya vitu hivyo mng'ao wake huzimika upesi kuliko kupepesa jicho, na watu walidhani havina mng'ao kabisa. Edmond aliunda chombo chenye visahani viwili vinavyozunguka, kila kimoja kina matundu, na kitu kinachochunguzwa kimewekwa katikati. Matundu hayakulingana, ili mwanga uingie upande mmoja kwanza, na jicho lipate kutazama upande wa pili baadaye kidogo, mwanga ukiwa umekwisha kukatwa. Kwa kuzungusha visahani kwa kasi aliweza kuupima mng'ao uliodumu kwa kipande kidogo sana cha sekunde.

Mapema katika miaka ya 1850 alishika ualimu katika Conservatoire des Arts et Métiers, chuo cha sanaa na ufundi mjini Paris. Mwaka 1863 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi. Mwaka 1867 na 1868 alitoa kitabu chake kikubwa cha majuzuu mawili kuhusu mwanga, sababu zake na athari zake. Baba yake alipofariki mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 89, Edmond alirithi kiti cha Makumbusho, naye amekwisha kuwa mtu wa miaka 57. Karibu miaka 40 alikuwa akifanya kazi kando ya mzee wake.

ALIYOYAONA NA ASIYOYAONA

Kabla hajafa, Edmond aliishi kuona wengine wakiufuata mkondo aliouchimba. Mwaka 1876, Waingereza wawili, William Grylls Adams na mwanafunzi wake Richard Day, walionyesha kwamba kitu kigumu kiitwacho seleni nacho hutoa umeme kikipigwa na mwanga, bila ya maji wala tindikali. Mwaka 1883, huko New York, Charles Fritts alitandaza seleni juu ya bamba na kuifunika kwa utando mwembamba wa dhahabu. Chombo chake kiliweza kugeuza kama sehemu 1 tu katika 100 za nguvu ya mwanga kuwa umeme.

Edmond Becquerel alifariki dunia mjini Paris tarehe 11 Mei 1891, umri wake miaka 71. Chembe ya umeme, elektroni, ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, miaka sita baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba mtu huyu aliuona umeme wa jua, akaupima, akaujaribu kwa kila rangi, na maisha yake yote hakupata kujua ni kitu gani hasa kilichokuwa kikitembea ndani ya waya zake. Lakini kwa kuwa vipimo vyake vilikuwa vya kweli, waliokuja nyuma hawakuhitaji kuvibomoa. Walipata ufunguo tu, wakafungua.

Mwanawe Henri alipewa kile kiti mwaka 1892. Mwaka 1896 alichukua chumvi ya uraniamu, moja ya vile vitu vyenye kung'aa ambavyo baba yake alivichunguza, akataka kuona mng'ao wake unavyopiga picha baada ya kuanikwa juani. Mawingu yakatanda Paris, naye akayaweka mabamba yake ndani ya mtoto wa meza. Alipoyasafisha mwanzoni mwa mwezi wa Machi aliona picha imetoka hata bila ya jua. Kumbe uraniamu ina miale yake yenyewe. Kwa ugunduzi huo alishirikiana na Marie na Pierre Curie katika zawadi ya Nobel ya mwaka 1903. Mwana alichuma katika shamba alilolipalilia baba, na sifa ya mwana ikalifunika jina la baba.

KITENDAWILI KUTEGULIWA

Sasa tuueleze umeme wenyewe, ili msomaji ajue Edmond alikuwa ameona nini.

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwanga hauji kama maji ya mto yasiyokatika, bali huja kwa vifungu, kila kifungu na nguvu yake. Kifungu cha mwanga wa buluu kina nguvu kuliko cha mwekundu. Kifungu chenye nguvu ya kutosha kikiigonga elektroni iliyoshikamana na mahali pake, huing'oa ikawa huru. Chenye nguvu pungufu hakiing'oi, hata vije vingi namna gani. Ndiyo sababu miale ya buluu ilishinda katika kisanduku cha Edmond.

Lakini kuing'oa elektroni peke yake hakutoshi. Elektroni iliyong'oka hurejea mahali pake mara moja, na faida yote ikapotea kuwa joto. Lazima pawe na mpaka, kitu cha kuipitisha upande mmoja na kuizuia isirudi. Katika kisanduku cha Edmond mpaka huo ulikuwa pale chumvi ya fedha ilipokutana na maji. Katika sola za leo mpaka huo uko ndani ya silikoni, madini yanayopatikana katika mchanga. Silikoni upande mmoja hutiwa fosforasi kidogo ili iwe na elektroni za ziada, na upande wa pili hutiwa boroni kidogo ili iwe na nafasi tupu. Pande hizo zinapokutana, pale katikati panazaliwa msukumo wa umeme usiokoma.

Mvuvi atalifahamu jambo hili upesi, kwani ni dema. Samaki huingia kwa urahisi katika mdomo wa dema, lakini kutoka kwa njia aliyoingilia ni taabu. Elektroni nayo ikivushwa mpaka hairudi kwa njia ile. Ikitaka kurejea kwao, njia rahisi iliyoachiwa ni kuzunguka nje kwa kupitia waya, na katika safari hiyo ya waya ndipo inapotuwashia taa na kutujazia betri.

Mpaka wa namna hiyo uligunduliwa na Russell Ohl wa maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1940, alipokuwa akichunguza kipande cha silikoni chenye ufa. Na tarehe 25 Aprili 1954, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wa maabara hiyo hiyo walionyesha hadharani sola ya silikoni iliyogeuza kama sehemu 6 katika 100 za nguvu ya jua kuwa umeme. Tangu sindano ya Edmond ilipocheza ilikuwa imepita miaka 115.

MIZANI IMEGEUKA

Tulisema Edmond aliitumia sola yake kuupima mwanga. Leo mizani imegeuka. Kwanza tunaupima mwanga, kisha kwa mwanga huo uliojulikana kiasi chake tunaipima sola. Jambo hili linamhusu kila mnunuzi, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Nyuma ya kila paneli iliyotengenezwa kwa uaminifu pana karatasi yenye tarakimu. Tarakimu ya kwanza ni volti za paneli isiyoungwa na kitu. Seli moja ya silikoni hutoa kama volti 0.6 tu, iwe kubwa au ndogo. Kwa hiyo paneli ya seli 36 zilizofuatanishwa itafika kama volti 21.6. Tarakimu ya pili ni ampea za paneli ambayo waya zake mbili zimegusanishwa. Tuchukue mfano wa ampea 6. Ampea hufuata ukubwa wa seli na wingi wa mwanga. Mwanga ukipungua nusu, ampea nazo hupungua karibu nusu, lakini volti hupungua kidogo tu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu huzidisha 21.6 kwa 6, akapata karibu wati 130, akadhani amenunua wati 130. Sivyo. Mtazame hamali na mkokoteni wake. Mkokoteni ukikwama kabisa, hamali husukuma kwa nguvu zake zote na hauendi. Nguvu ipo, mwendo haupo, kazi ni sifuri. Mkokoteni ukiwa mtupu, hamali hukimbia mbio na hakuna alichobeba. Mwendo upo, mzigo haupo, kazi ni sifuri vile vile. Kazi kubwa hupatikana katikati, kwa mzigo wa kadiri na mwendo wa kadiri. Paneli ni hivyo hivyo. Volti zikiwa juu kabisa hapana ampea, na ampea zikiwa juu kabisa hapana volti. Mpimaji huipitisha paneli katika mizigo yote, tangu mwanzo hadi mwisho, akatafuta ile nukta ya kati yenye kazi kubwa. Kwa paneli ya mfano wetu huenda ikawa volti 18 na ampea 5.5, yaani wati 99. Hizo ndizo wati zake za haki. Ukizilinganisha na ile hesabu ya 130 utapata kama 76 katika 100, na kadiri uwiano huo unavyopanda, ndivyo ubora wa paneli unavyothibitika.

Sasa na mwanga je? Mwanga wa kupimia umewekewa kanuni duniani, kama serikali inavyopiga muhuri pishi na ratili za sokoni. Ni wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, karibu sawa na jua kali la mchana lisilo na wingu. Viwandani hutumia taa maalumu inayomulika kwa muda mfupi mno, na nguvu ya taa hiyo hukaguliwa kwa seli nyingine ambayo imekwisha kupimwa na kuthibitishwa. Hapo kisanduku cha Edmond bado kinafanya kazi yake ya asili, seli ikiupima mwanga. Paneli yetu ya wati 99, ikiwa ukubwa wake ni nusu mita ya mraba, imepokea wati 500 na kutoa 99, yaani kama sehemu 20 katika 100. Paneli nyingi nzuri za siku hizi zinafika hapo au kupita kidogo. Na zikibaki za silikoni peke yake haziwezi kupanda bila kikomo, maana William Shockley na Hans Queisser walionyesha mwaka 1961 kwamba seli yenye mpaka mmoja wa namna hiyo ina dari yake, ambayo leo inahesabiwa kuwa karibu theluthi moja ya nguvu ya jua.

Liko na sharti jingine katika karatasi ile, ambalo sisi wa pwani linatuhusu zaidi, nalo ni joto. Kipimo cha kiwandani huchukuliwa seli ikiwa na nyuzi 25 za joto. Paneli iliyolazwa juu ya bati mchana wa kaskazi haina nyuzi 25. Huweza kufika 60 na kuzidi. Silikoni ikipata joto volti zake hushuka, na kwa kadiri ya kawaida kila nyuzi moja huondoa kama sehemu 0.4 katika 100 ya nguvu. Nyuzi 35 za ziada zitaondoa sehemu 14. Wati zako 99 zimekuwa 85, na hapana aliyekuibia ila joto. Dawa yake si ngumu. Paneli iinuliwe kidogo juu ya bati, upepo wa bahari upite chini yake. Watu huiogopa sola kwa kudhani inataka joto. Inataka mwanga. Edmond alikwisha kulibainisha hilo mwaka 1839 kwa rangi zake.

Yupo na yule anayeibiwa na mtu. Paneli ndogo hubandikwa karatasi ya wati nyingi, na mnunuzi asiyejua kupima hurudi nyumbani na kibaba kilichobandikwa jina la pishi. Sisi tuliokaa chuoni utotoni tulifundishwa mapema ubaya wa kupunja mizani, na katika mambo haya mapya hukumu haikubadilika. Lakini mnunuzi naye ana wajibu wa kupima. Fundi mwenye mita inayostahimili ampea za kutosha anaweza kuisimamisha paneli ndogo mbele ya jua la saa sita mchana, akazisoma volti zake bila mzigo, kisha ampea zake. Volti zitapungua kidogo kwa joto, lakini ampea zikiwa mbali sana na zilizoandikwa, karatasi imesema uongo. Kuzigusanisha waya namna hiyo ni kwa paneli tu. Kwa betri ni hatari kubwa, hata moto unaweza kuzuka.

Mwaka 1989, ilipotimia miaka 150 tangu sindano ile kucheza, Ulaya iliweka zawadi kwa jina la Edmond Becquerel, wapewe wale waliotumikia kazi ya umeme wa jua. Yule mtu wa kati akapata kumbukumbu yake. Lakini naona kumbukumbu iliyo karibu nasi zaidi ni ile karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli. Siku ukinunua yako, usiipandishe juu ya paa kabla hujaisoma, na ukimaliza kuisoma, iweke juani uipime.